Wimbo wa Zanzibar katika Bandari ya Weymouth

Katika duka moja la vitabu vikuukuu katikati ya mji wa Johannesburg, ambamo mnunuzi hupenya baina ya marundo ya majarida, ramani za migodi na Biblia za jalada la ngozi hata mavumbi yakamganda mikononi, niliwahi kufungua kitabu kilichokatika uti wake nikakuta picha ambayo habari zake nilizisoma zamani, lakini sura yake sikuwa nimeitazama kwa makini hata siku moja. Ina watu sita. Wawili wamevaa nguo za Kizungu, na wanne waliobaki wamevaa majoho ya nakshi, vilemba, mikufu ya kifua, na ndevu nyeusi zilizofunika nusu ya uso. Nyuso hizo nne zimepakwa weusi. Yule wa kushoto kabisa ndiye aliyenishika macho, maana chini ya kilemba na juu ya ndevu zile mna uso mwembamba wenye macho makubwa ya huzuni, wala kwa mwenye kutazama sana haikosi kudhihirika kwamba mwenye uso huo si mwanamume.

Ni Virginia Stephen, mwanamwali wa miaka 28, ambaye miaka miwili baada ya picha ile kupigwa aliolewa na Leonard Woolf, na kwa jina la mumewe akawa miongoni mwa waandishi mashuhuri wa lugha ya Kiingereza katika karne iliyopita. Siku hiyo, tarehe 7 Februari 1910, hakuwa ametoa kitabu hata kimoja. Alikuwa mwandishi wa shajara, tabia aliyoianza Januari 1897 akiwa hajatimiza miaka 15, na katika madaftari yale alikuwa amekwisha jizoeza kuwatazama wakubwa wa nchi yake, mabwana na mabibi wa mialiko ya jioni, kwa jicho ambalo halikuona haya kutaja ukunjo wa shingo wala ubatili wa mazungumzo. Kisa cha picha hii kimeandikwa na kusimuliwa mara nyingi kuwa ni ushindi wa vijana wenye akili juu ya wakubwa wenye kiburi, na kwa kiasi kikubwa ndivyo kilivyokuwa. Mimi nakieleza hapa kwa sababu nyingine: lugha iliyotumiwa kuwa vazi la mzaha ule ilikuwa lugha hii ninayoiandika, na wimbo uliopigwa kwa heshima ya wageni wale wa bandia ulikuwa wimbo wa Zanzibar.

Weymouth, ambako mzaha ule ulifanyika, ni mji wa pwani ya kusini ya Uingereza uliopata jina kwa ajili ya kuogelea. Mfalme George wa Tatu alianza kwenda huko mwaka 1789 kutafuta afya baada ya maradhi yaliyomwondolea utulivu wa akili, na kwa kuwa mfalme haendi peke yake, mji ulijaa mabwana wenye vyeo waliokuja kuoga bahari kwa sababu mfalme ameoga. Katika msafara huo alikuwamo Frances Burney, mtunzaji wa mavazi ya malkia, mwanamke aliyeanza kuandika shajara yake akiwa na miaka 15, na kwa kalamu yake tunajua kwamba wanawake walioajiriwa kuwasaidia waogaji walivaa vitambaa vyenye maandishi ya kumwombea mfalme, na kwamba siku ya kwanza mfalme alipozamisha kichwa chake majini wapigaji muziki waliokuwa wamefichwa katika kibanda cha jirani walianza mara moja kuupiga wimbo wa taifa. Burney hakuandika hayo kwa chuki, kwa maana alimpenda mfalme yule. Aliyaandika kwa kuwa aliyaona, na kuona kwa mwandishi wa shajara ni kazi yenye hatari zake mbele ya wenye adhama. Miaka 121 baadaye, katika bandari ya mji ule ule, wapigaji muziki wengine walisimama tena kumpigia wimbo mtukufu aliyekuja, na aliyetazama chini ya kilemba alikuwa tena mwanamke mwenye shajara.

Lakini mwanzo wa mambo haukuwa Weymouth, bali Cambridge, miaka mitano kabla. Horace de Vere Cole, kijana wa ukoo wenye mali ambaye alipigana katika vita vya Waingereza na Makaburu hapa Afrika Kusini akajeruhiwa, alirejea kwao akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge, na huko akafanya urafiki na Adrian Stephen, mdogo wake Virginia. Mapema mwaka 1905 Sultani wa Zanzibar, Sayyid Ali bin Hamud, alikuwa Uingereza. Vijana wale walitamani kumwigiza Sultani mwenyewe wapokewe na Meya, ila kwa kuwa sura yake ilikuwa imekwisha tokea magazetini waliamua kwamba atakayekuja Cambridge ni ami yake, wakampa jina la Mukasa Ali. Wakaenda kwa Willy Clarkson, mpambaji wa wachezaji wa tamthilia mjini London, wakavishwa majoho na kupakwa weusi, na simu ya maandishi ikapelekwa kwa Meya.

Nataka msomaji asimame hapa kidogo juu ya jina hilo. Mtu yeyote wa Unguja au wa Mombasa, hata mtoto wa chuoni asiyemaliza juzuu ya kwanza, angalisikia Mukasa akajua papo hapo kwamba jina hilo ni la Buganda, wala si la nyumba ya masultani wa Al Busaidi. Na huko Uingereza jina hilo halikuwa geni: mwaka 1902 Ham Mukasa, Mganda mwenye elimu, alifuatana na Katikiro (waziri mkuu) Apolo Kagwa kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, akaandika kwa Kiganda habari za safari yao siku baada ya siku, melini, garimoshini, katika nyumba za mabwana na mbele ya wafalme, na tafsiri ya Kiingereza ya kitabu chake ikachapishwa London mwaka 1904. Basi alikuwapo Mukasa wa kweli, mwandishi wa kweli, aliyewatazama Waingereza kwa makini na kuwaeleza watu wake alichokiona. Mwaka mmoja baada ya kitabu chake kutoka, wanachuo wakafanya jina lile lile kuwa la mtu wa kubuni ambaye hakuandika kitu na ambaye maneno yake hayakuwa maneno.

Ami huyo wa Sultani alipokewa kwa taadhima kubwa. Alitembezwa mjini, akaonyeshwa kanisa la King's College, akapelekwa katika soko la hisani ambako alinunua vitu kwa ukarimu. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo Adrian Stephen alilieleza baadaye katika kitabu chake kidogo cha mwaka 1936, nami sijaweza kulisoma bila kuumwa moyo. Bibi mmoja mzee aliyewahi kukaa Zanzibar alijitokeza katika kundi la watu akaomba ruhusa azungumze na mtukufu kwa lugha ya kwao. Mkalimani, ambaye naye hakujua hata neno moja, alimkata kauli kwa kumwambia kwamba hilo haliwezekani isipokuwa bibi akubali kuingia katika nyumba ya masuria wa mtukufu. Bibi akarudi nyuma. Watu wakacheka, mzaha ukaendelea, na jioni vijana wakakwepa garimoshi la kwenda London kwa kutoka mbio katika stesheni, wakapanda magari ya farasi wakaenda kuvua ndevu zao.

Mwaka 1910 Cole akataka jambo kubwa zaidi, na katika Uingereza ya siku zile hapakuwa na kitu kikubwa kuliko manowari iitwayo Dreadnought. Ilishushwa majini Portsmouth Februari 1906, ikiwa na mizinga 10 ya inchi 12 na tabini za mvuke zilizoipa mwendo wa maili 21 za baharini kwa saa, na tangu ilipoelea manowari zote za dunia, pamoja na za Waingereza wenyewe, zilionekana za kale. Wajerumani walifuata kuunda za kwao, Waingereza wakaongeza, na jina la chombo kimoja likawa jina la jinsi nzima ya vyombo. Ilikuwa bendera ya fahari ya dola, na fahari hiyo ilikaa juu ya mabega ya maofisa wake kama nishani. Miongoni mwao alikuwamo William Fisher, binamu yao Virginia na Adrian, ambaye ndugu hao wawili hawakupendezwa na jinsi alivyoitukuza daraja yake.

Cole alikusudia waizuru wakijifanya watukufu wa Uhabeshi, na wenzao wawili walipojitoa, Virginia aliitwa siku chache tu kabla ya safari akakubali. Clarkson akampaka, akambandika ndevu, akamwonya asile wala asinywe asije akaharibu rangi ya midomo. Asubuhi wakapanda garimoshi Paddington: Virginia, Duncan Grant mchoraji, Anthony Buxton na Guy Ridley wakiwa watukufu wa Uhabeshi; Cole, kwa jina la kubuni, akiwa bwana wa Wizara ya Mambo ya Nje; na Adrian akiwa mkalimani wa Kijerumani. Baada ya kuondoka kwao rafiki yao mmoja alipeleka simu kwa amiri wa manowari, kwa jina la mkubwa wa Wizara, kwamba mwana wa mfalme wa Uhabeshi na watu wake wanafika Weymouth alasiri na wanataka kuiona Dreadnought.

Garimoshini Adrian na Cole walifungua kitabu walichokipata kwa chama cha kueneza Injili. Kilikuwa kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Walidhani, kama walivyodhani wengi, kwamba Kiswahili kingetosha kwa Uhabeshi, yaani nchi yenye Kiamhari na maandishi yake ya tangu karne nyingi, ambayo miaka 14 nyuma ililishinda jeshi la Italia katika vita vya Adwa, na ambayo mjumbe wake, Ras Makonnen, alikuwa Uingereza mwaka 1902, bila kilemba wala joho la mwigizaji. Katika mwendo wa saa chache, baina ya stesheni na stesheni, vijana wawili walijaribu kunyakua maneno machache kutoka katika lugha iliyokwisha kusanyiwa kamusi na Krapf mwaka 1882 na kuandikiwa mwongozo na Askofu Steere tangu mwaka 1870, lugha iliyokuwa na tenzi za karne mbili katika hati za Kiarabu huko Pate na Lamu. Nani atashangaa kwamba walipofika melini maneno yale yalikuwa yamewatoka kichwani?

Walipofika Weymouth waliona zulia jekundu limetandikwa na ofisa mwenye mavazi ya heshima amesimama akipiga saluti, akawapeleka katika mashua ya mvuke hadi Dreadnought. Amiri Sir William May na maofisa wake walikuwa wamejipanga, askari wa manowari wako katika gwaride, na wapigaji muziki wako tayari. Wimbo wa Uhabeshi haukupatikana, basi wakapiga wimbo wa Zanzibar. Hakuna katika wageni aliyeujua, wala hakuna katika wenyeji aliyejua kwamba wageni hawaujui. Nimejaribu mara nyingi kuisikia kwa masikio ya moyo sauti ile ya tarumbeta juu ya maji ya kijivu, katika manyunyu ya Februari, wimbo ambao watu wa Forodhani huko Unguja waliuzoea kila Sultani alipotoka, ukipigwa sasa mbele ya watu waliopakwa weusi, kwa heshima ya nchi isiyo yake, bila mtu mmoja wa kuinua kichwa na kusema: huu ni wetu.

Amiri alimwomba mkalimani awaeleze watukufu tofauti ya sare nyekundu na sare za samawati za askari. Adrian akatafuta Kiswahili chake akakuta maneno hayafiki matatu. Ndipo alipokimbilia alichokijua kwa moyo tangu shuleni, mashairi ya Kilatini ya Virgil na ya Kigiriki ya Homer, akayakatakata na kuyatamka kwa namna isiyotambulika. Maofisa hawakukitambua Kilatini kilipotoka kinywani mwa mtu waliyemdhania kuwa anasema lugha ya Afrika. Binamu Fisher, aliyekaa hatua chache, hakumtambua Adrian kwa urefu wake uliopita futi sita, wala Virginia, wala sauti ya Adrian aliyoijua tangu utoto.

Hapo ndipo mzaha ulipopata shabaha yake, nami siuonei choyo ushindi huo. Jeshi lililotumia mamilioni ya pauni kuona adui kutoka mbali baharini halikuweza kuona ndevu za gundi kwa umbali wa mkono. Masharubu ya Duncan Grant yalianza kubanduka kwa unyevu, Adrian akaona, akamvuta kando akayabonyeza upya, na hakuna aliyetazama. Walitembezwa katika vyumba, wakaonyeshwa mizinga, wakakataa chakula kwa kisingizio cha dini na wakakataa mizinga ya heshima. Virginia aliyatamka maneno yake machache kwa sauti nzito. Maofisa walikuwa wapole mno kwao, na Adrian aliandika kwamba upole ule uliwatia haya.

Walikaribia kunaswa mara moja tu. Ofisa mmoja alitaja kwamba yupo baharia mmoja awezaye kusema lugha ya wageni, lakini siku hiyo alikuwa katika likizo.

Nimekisoma kisa hiki kwa miaka mingi, na kila nikikisoma nasimama hapo, nikamkumbuka na yule bibi wa Cambridge. Visa hivi viwili vinashikana kwa mtu mmoja anayeweza kuelewa: wa kwanza alikuwapo akafukuzwa kwa tusi, wa pili hakuwapo. Wachekeshaji walikuwa werevu, nao walilenga majivuno yaliyostahili kulengwa. Ila mzaha wao ulisimama juu ya dhana waliyoshirikiana na yule amiri waliyemcheka, kwamba lugha ya Mwafrika ni kelele ambayo hakuna mwenye kusikiliza. Virginia mwenyewe, kwa kadiri ninavyomwelewa, alitoka katika manowari ile na somo lililomfaa katika kazi yake yote, kwamba adhama ya wanaume wenye sare inabebwa na nguo. Somo hilo aliligeuza hadithi katika kitabu chake cha mwaka 1921, na mwaka 1940, vita vikiwa vimewaka tena, akalisimulia mbele ya wanawake wa kijiji cha Rodmell. Mimi namsifu kwa hilo kwa moyo wangu wote. Lakini weusi aliopakwa ulioshwa jioni ile.

Cole hakuweza kunyamaza, akayapeleka mambo magazetini, na picha ikachapishwa. Maswali yakaulizwa katika Bunge, Waziri wa Manowari, Reginald McKenna, akalazimika kujibu, na watoto wa njiani wakamfuata Amiri May wakimpigia kelele za upuuzi walizozisoma gazetini kuwa ndiyo lugha ya wageni. Maofisa wa manowari walikwenda kumtafuta Cole wakampiga fimbo za kujitoa katika fedheha, na Duncan Grant wakamchukua nyumbani kwao, akiwa na viatu vya ndani, wakampiga fimbo mbili kwa upole kama watu wanaotimiza ada. Hiyo ndiyo gharama yote iliyolipwa.

Sasa nataka kumweka kando ya watukufu hao wa bandia mtu wa kweli. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, msomi wa dini na wa lugha, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki, na mwaka 1903 kikachapishwa kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu kubwa yake ilitoka katika kalamu yake. Huko akamwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka 1905, mwaka ule ule ambao wanachuo walipokewa Cambridge kama jamaa wa Sultani, Mtoro alirejea pwani na mkewe, na wakuu wa koloni wakakataa mkewe asishuke Dar es Salaam. Mwalimu yule, aliyeandika jinsi Waswahili wanavyompokea mgeni, alisimama juu ya sitaha akiitazama pwani yake, halafu akarudi Ujerumani na mkewe, wala hakurudi tena hata alipofariki mwaka 1927. Walikuwako pia Amur bin Nasur, aliyefundisha Berlin kabla yake, na Salim bin Abakari, aliyeandika kwa Kiswahili safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896. Wasemaji wa lugha hii walikuwa Ulaya na walikuwa wakiandika shajara. Kila mmoja wao angaliweza kumwambia Amiri May, kwa neno moja, kwamba amedanganywa.

Na vijana wa pwani hawakukosa dhihaka zao. Katika miaka hiyo hiyo ngoma ya beni ilikuwa imekwisha enea kutoka Lamu na Mombasa hata Tanga na Dar es Salaam, vijana wakivaa sare za kizungu, wakipiga tarumbeta na kujipa vyeo vya maofisa wa jeshi na wa manowari, huku mwenye cheo cha kweli akiwatazama asijue kama anaheshimiwa au anachezewa. Tofauti yao na wale wa Weymouth ni kwamba wacheza beni walimjua waliyemwiga. Waliusikia mkoromo wa ofisa kila siku kazini.

Hapa Johannesburg, mji ulioko mbali na bahari, bahari yetu ni Durban. Kila Disemba magari hushuka mlima wa Van Reenen kuelekea huko, na watu wa mji huu huenda kulala mchangani kama walivyofanya watu wa London huko Weymouth. Wachache wanajua kwamba katika kilima cha Bluff, juu ya bandari ya Durban, palikuwa na mtaa wa King's Rest wa watu walioitwa Wazanzibari. Wengi wao asili yao ni Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, waliokombolewa na manowari za Kiingereza kutoka katika majahazi ya watumwa, na kuanzia Agosti 1873 wakateremshwa Durban kutoka Zanzibar, wakawekwa katika kazi. Walihifadhi Uislamu wao na lugha yao. Serikali ya ubaguzi ilipoanza kuwaandika watu kwa rangi haikujua iwaweke wapi, ikawahamisha kutoka jamii moja hata nyingine kwenye makaratasi, mwisho ikawaita Waasia wengineo, na katika miaka ya 1960 ikawaondoa Bluff ikawapeleka Chatsworth. Zanzibar, ambayo kwa kijana wa Cambridge ilikuwa joho la kukodi la siku moja, kwao ilikuwa jina katika cheti ambalo kwalo waliambiwa wakae wapi na wazikwe wapi.

Sijaisahau pia Mei 2008. Ghasia za kuwasaka wageni zilipoanza Alexandra na kuenea katika vitongoji vya mji huu, watu 62 waliuawa kabla hazijatulia, na katika vichochoro wenye marungu walimsimamisha mtu na kumwonyesha kiwiko, ambacho wengine tunakiita kisugudi, wakamtaka akitaje kwa Kizulu. Aliyesema indololwane bila kusita aliachiwa apite, na aliyegugumia aliandamwa. Wakati huo niliwaona watu wazima wakijifundisha neno hilo usiku, wakilirudiarudia mbele ya kioo kama mwigizaji anayejifunza maneno yake, ilhali wao hawakuwa na Clarkson wa kuwapaka wala jioni ya kuvua. Katika Weymouth mtu alibabaisha lugha asiyoijua akatandikiwa zulia.

Nilikinunua kitabu chenye picha nikaenda nacho Yeoville, katika soko la mtaa wa Rockey, ambako Kiswahili cha Bukavu, cha Lubumbashi na cha Dar es Salaam hukutana juu ya mafungu ya sombe, dagaa na ndizi za kupika. Mama mmoja wa Bukavu ninayenunua kwake dagaa alifuta mikono, akakishika kitabu kwa ncha za vidole, akaitazama picha muda mrefu. Nikamsimulia yote, kuanzia ami wa Sultani hata masharubu yaliyobanduka. Alicheka sana kwenye masharubu. Alimtambua Virginia kabla sijamwonyesha, akasema, "Huyu ni mwanamuke, angalia mukono yake." Halafu akakirudisha kitabu, akaanza kupima dagaa kwa kopo, na nilipodhani habari imekwisha akaniuliza:

"Na ule mama muzee wa kwanza, alikuwa anataka kumuuliza nini?"

Nikamwambia kwamba mwenye kuandika kisa hakulitaja swali.

Akaongeza dagaa kidogo juu ya kopo, kama afanyavyo kwa mteja wake wa siku zote, akafunga mfuko. "Labda habari tu," akasema. "Habari za huko."